Saizi Namba Nne

4 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, mgongo tu unalalamika kwa kukaa kitini. Ile programu niliyokuwa nakusimulia kila nikipiga simu, mpaka ukaniambia nitafute mume nimsimulie yeye, imekwisha. Ninaposema imekwisha maana yake ni kwamba imefika mahali ambapo mimi peke yangu siyaoni tena makosa yake.

Nimeiita Mkasi. Fundi anaingiza vipimo vya mteja kwenye kompyuta, Mkasi inachora vipande vyote vya nguo, inavipanga juu ya kitambaa pasipotee hata kiraka, kisha printa inatoa karatasi ya kukatia. Na kama wateja ni wengi na hawapo mbele yako, tuseme ni sare, unachagua saizi namba moja hadi sita, vipimo vyake vimo ndani tayari.

Sasa natafuta wajaribu kumi na wawili kabla sijaanza kuiuza. Sina kampuni nyuma yangu, nina chumba kimoja na feni. Kwa hiyo nataka mafundi wa kweli, wenye kompyuta mezani, waitumie bure miezi mitatu na kuniandikia ripoti kwa kalamu kila baada ya wiki mbili au tatu. Kwa kalamu, Dada. Nilianza kwa simu nikashindwa. Kwa simu kila mtu ananiambia "iko sawa tu" kwa kunionea huruma. Mtu akishika kalamu, ukweli humtoka.

Mtaa wako umejaa mafundi. Nakuomba unitafutie. Nimeweka nakala kumi za tangazo ndani ya bahasha.

Mdogo wako,
Kitinda


11 Februari

Kitinda,

Marahaba. Bahasha imefika. Nilipomaliza kusoma niliikung'uta, nikidhani kuna karatasi imenasa ndani inayonihusu. Haikuwamo.

Umeniandikia ukurasa mzima juu ya mafundi. Mafundi wa kweli, mafundi wenye kompyuta mezani. Mimi unayeniandikia ni nani, tarishi? Ulipokuwa unalala chini ya meza ya kukatia kama paka, ni nani alikuwa anakufunika kwa mabaki ya kitambaa? Nani alikuonyesha chaki inavyoshikwa? Na kompyuta ninayo, kama umesahau. Mwanangu aliniletea. Ipo mezani, nimeifunika isiingie vumbi.

Matangazo yako nimeyagawa. Moja nimempa fundi wa makoti, ambaye hana kompyuta na hataki kuiona. Moja nimempa fundi wa mapazia, anayegombana hata na pasi. Mawili amechukua yule wa mifuko ya turubai. Moja nimelibandika mlangoni kwangu, upande wa ndani. Mengine nimechorea kola, karatasi yake ni nzuri.

Wasalimie wajaribu wako.

Dada yako


20 Februari

Dada,

Shikamoo. Usinune, tafadhali. Nilijua utanuna, ndiyo maana barua ya kwanza niliiandika mara tatu.

Mjaribu anatakiwa awe mtu baki. Ndugu ama atanisifu ama ataniponda, na vyote viwili havinisaidii. Wewe ukikutana na kitu kibaya utakitengeneza kwa mkono wako kimyakimya, nguo itatoka nzuri, na mimi sitajua kamwe kwamba programu ilikosea. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine.

Nimepata kumi na mmoja, na nafasi moja nimeiacha wazi. Fundi wa turubai alibandika tangazo ukutani kwake kwa nje, na aliyelisoma ni jirani yako wa ng'ambo ya barabara, Mama Vifungo. Aliniandikia. Nimemkubali, ni mjaribu namba saba. Nakuomba usiichane barua hapa. Barua yake ilikuwa bora kuliko zote. Aliuliza maswali manne na mawili kati yake sikuwa nimeyafikiria kabisa.

Najua mliachana vibaya. Lakini ni fundi mzuri, wewe mwenyewe ulikuwa unasema hivyo.

Kitinda


28 Februari

Kitinda,

Mtu baki. Haya. Mimi ni ndugu, kwa hiyo sifai, na yeye ni mtu baki, kwa hiyo anafaa. Ukipata homa nenda kauguzwe na mtu baki.

Nikukumbushe, maana naona kompyuta imekula kichwa chako. Yule wa ng'ambo nilikaa naye meza moja miaka sita. Cherehani yangu dirishani, yake ukutani, na mkebe wake wa vifungo katikati. Mwaka juzi, wiki ileile uliyokuja kunitembelea, daftari langu la kijani likapotea. Unalijua. Vipimo vya wateja wangu wa miaka ishirini, na simruhusu mtu alifungue hata kama ni malaika. Duka lilikuwa na watu wawili, mimi na yeye. Nilimwambia mbele ya wateja kwamba ameiba. Hakujibu hata neno. Alikunja tepu yake, akachukua mkebe wake, na mwezi haujaisha akafungua duka ng'ambo, mkabala na dirisha langu. Mtu asiye na hatia angejibu.

Huyo ndiye aliyekuandikia maswali manne mazuri.

Na nikuambie wazi, kwa kuwa unapenda ukweli wa kalamu: roho inaniuma. Sikufichi. Kila Jumamosi asubuhi namwona kupitia kioo, amevaa miwani, anaandika, anafuta, anacheka peke yake. Najua anamwandikia nani. Mimi miaka yote hii barua zako nimezisoma kwa kuiba muda kati ya mteja na mteja, na wewe hujawahi kuniambia barua yangu hata moja ni bora kuliko zote.

Nafasi uliyoiacha wazi ni ya nani? Usinijibu.

Dada yako


17 Machi

Dada,

Shikamoo. Samahani nimechelewa. Kila nilipoanza kukujibu kuhusu mwaka juzi kalamu ilikuwa nzito, kwa hiyo nitakuandikia ya kazi tu.

Wajaribu wanaendelea vizuri. Watatu wamekimbia, mmoja anadai Mkasi imemharibia printa. Ila ripoti za Mama Vifungo, Dada, ningependa uzione. Anaandika hivi: "Kipande cha mkono kimegeuzwa kichwa chini ili kuokoa kitambaa. Kwa kitambaa cha maua, maua nayo yatasimama kichwa chini. Mwambie mkasi wako kwamba ua lina juu na chini." Nilicheka peke yangu chumbani. Nilirekebisha kosa hilo siku hiyohiyo.

Amepata kazi kubwa. Kliniki imempa kitambaa ashone magauni sitini ya wauguzi, na anataka kuyakata yote kwa Mkasi, kwa zile saizi zangu sita. Gauni la kwanza la mfano limetoka limelegea kiunoni. Nadhani ni printa inakuza karatasi, nimemwambia arudie. Hakuna fundi mwingine aliyelalamika, lakini wengine wote wanaingiza vipimo vya mteja wenyewe, hakuna aliyetumia saizi zangu.

Hapo ndipo nimekwama. Nimeangalia usiku na mchana silioni kosa. Nakutumia jedwali la zile saizi. Si kama mjaribu, kama dada tu. Litazame uniambie.

Kitinda


24 Machi

Kitinda,

Marahaba. Jedwali limefika. Liko sawa tu.

Vipimo hivi ulivipata wapi? Na yule wa ng'ambo anakata lini?

Dada yako


31 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako ina mistari mitatu. Hujawahi kuniandikia mistari mitatu, hata ulipokuwa hospitali ulijaza kurasa nne za kuwasengenya manesi. Na umeniandikia "liko sawa tu". Wewe.

Kama umekasirika kwa sababu nimemsifu Mama Vifungo, nisamehe. Namjibu kwa urefu kwa sababu anauliza kwa urefu. Pengine pia nafurahi kwamba yupo mtu anayeiona kazi yangu kuwa ni kazi. Wewe hujawahi kuniuliza hata mara moja inavyofanya kazi.

Vipimo nilivikusanya hapa na pale, kwa watu mbalimbali.

Anakata Jumatatu ya tarehe 12 Aprili. Amerudia kuchapa karatasi mara mbili na kiuno bado kimelegea kidogo, lakini ameniambia huenda ni yeye amekosea kushona. Nimemwambia aendelee.

Kitinda


8 Aprili

Kitinda,

Kaa chini kabla hujasoma.

Saizi namba nne ni baba.

Kifua mia moja na mbili, kiuno tisini na moja, mkono sitini na mbili na nusu. Ile nusu aliidai mwenyewe. Nilitaka kuandika sitini na mbili, akasema mkono wake hauwezi kukatwa nusu na binti yake wa kumzaa. Ndivyo vipimo vya suti aliyozikiwa. Umeifanya saizi namba nne. Namba mbili ni mwalimu wa hesabu, namba tano ni mwenye duka la vyuma, namba sita ni mke wake. Hukukusanya hapa na pale. Ulikusanya mahali pamoja, kwenye daftari la kijani, na ulilitia kwenye begi lako wiki ile ulipokuja kunitembelea.

Nilijua tangu siku jedwali lilipofika. Na kosa lako nililiona siku hiyohiyo. Mimi siandiki kiuno cha mtu kama kilivyo. Mtu akipimwa hubana tumbo, hata awe sheikh au padri. Kwa hiyo huwa naongeza vidole viwili kichwani kabla kalamu haijagusa karatasi, halafu nikikata siongezi kitu. Sijawahi kumwambia mtu, ni tabia yangu tu. Kiuno cha baba kilikuwa themanini na saba. Wewe ukachukua tisini na moja ukadhani ndicho kiuno chenyewe, na Mkasi wako, kama fundi yeyote aliyefundishwa vizuri, ukaongeza juu yake vidole viwili vingine vya nafasi ya kupumua. Ndiyo maana anayeingiza vipimo mwenyewe halalamiki. Ni saizi zako tu, na anayezitumia ni mmoja tu.

Nikakuandikia liko sawa tu.

Nilikuwa na hasira na wewe, lakini hasira hiyo sikuitumia kwako. Nilijiambia, acha akate. Akate yote sitini, wauguzi waje wazungukwe na magauni kama mapazia, kliniki imfukuze, na wewe uone mtu baki wako anafika wapi. Nakwambia kweli, wiki ya kwanza nilifurahi. Nilikuwa naamka nafungua dirisha mapema kuliko kawaida.

Kisha nikamwona jana. Amelivaa lile gauni la mfano yeye mwenyewe, amesimama mbele ya kioo chake, anabana kiuno kwa pini. Akalivua, akalifumua, akajipima kwa tepu. Akaishika tepu akailinganisha na rula, kuhakikisha haijavutika. Halafu akakaa akaitazama mikono yake. Kitinda, yule mwanamke anaweza kutia kifungo gizani. Na alikuwa anaitazama mikono yake kana kwamba imemsaliti.

Miaka miwili nimemwita mwizi. Na wewe ulikuwa unanisikiliza kwenye simu, unaniambia "pole, Dada".

Sijui nikuulize nini. Nilikuwa na wivu naye kwa sababu ya barua zako, na kumbe hata nilipomfukuza ilikuwa wivu uleule. Wateja walikuwa wameanza kuuliza kama yeye yupo. Daftari lilinipa sababu tu. Hilo sikuwahi kulisema hata nikiwa peke yangu.

Barua hii itakufika Jumanne. Yeye anakata Jumatatu. Kwa hiyo barua haitoshi, na simu siwezi, sauti itanikatika.

Barabara yenyewe ina hatua kumi na nne. Nimezihesabu mara nyingi kwa macho.

Dada yako


13 Aprili

RIPOTI YA TATU, MJARIBU NAMBA SABA

Kitinda,

Fomu yako inasema tuanze na kazi iliyofanywa, halafu hitilafu, halafu mapendekezo. Nitajaribu, ingawa leo vitu havikai kwenye mistari.

Hitilafu unaijua sasa, maana barua ya dada yako imeshakufika. Vidole viwili vimehesabiwa mara mbili kwenye saizi zote sita. Kwenye kompyuta yangu nimezipunguza mwenyewe. Watumie wengine toleo jipya.

Ijumaa asubuhi alivuka barabara. Nilikuwa na wauguzi wawili waliokuja kuona gauni la mfano. Alisimama mlangoni, tepu shingoni, hakusalimia. Akasema: "Nilikuita mwizi mbele ya watu, kwa hiyo nasema mbele ya watu. Hukuchukua. Alichukua mdogo wangu." Halafu akasema kiuno kimelegea kwa vidole viwili na kosa si la mikono yangu. Halafu akasema amelijua hilo kwa wiki mbili na amenyamaza makusudi, alitaka niharibu. Hilo la mwisho hakuna aliyemwuliza. Muuguzi mmoja alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Sikumsamehe. Nakuandikia wazi ili usidhani yamekwisha. Miaka miwili kuna watu wamekuwa wakificha mikoba yao nikiingia dukani kwao, na hilo halifutiki kwa hatua kumi na nne za barabara, nami pia nimezihesabu. Nilimwambia avute kiti, kwa sababu kazi ilikuwepo na mikono minne ni bora kuliko miwili. Magauni sitini tuliyakata jana, yeye akishika upande wa kiuno. Hatukuzungumza ila namba. Mchana aliinua mkebe wangu, akautikisa kidogo, akaurudisha katikati ya meza. Mimi nilikuwa nimeuweka pembeni.

Uzuri wa programu yako ni kwamba vipande vilikaa kwenye kitambaa kana kwamba vilizaliwa pamoja. Yeye pia aliliona hilo. Alisema, "Kumbe ndivyo inavyofanya kazi."

Bado ana wivu, usije ukadhani umemtoka. Nakala za ripoti zangu aliziona mezani akazisoma zote bila ruhusa, akasema mwandiko wangu umeharibika tangu niondoke kwake. Kisha akauliza huwa unanijibu kurasa ngapi. Nilimwambia mbili. Akasema yeye anapata moja na nusu. Nafasi ya kumi na mbili usimpe mtu mwingine. Hataiomba.

Daftari anasema ulitume kwangu, si kwake. Anataka nilifungue mimi, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, akiwa ameketi pale. Sijui kama nitaweza. Litume.

Sasa mapendekezo, nami ninalo swali tu. Uliniandikia kwamba barua yangu ilikuwa bora kuliko zote. Ripoti zangu ukazisifu, nikazisoma sifa zako mara nyingi kuliko nitakavyokubali. Kwa miaka miwili hakuna aliyekuwa amenisifu kitu. Na wakati wote huo daftari lilikuwa mikononi mwako, na ulijua ni nani aliyelipia.

Ulinichagua kwa kazi yangu, au kwa ajili ya hilo daftari?

Usinipigie. Kwa simu utaniambia iko sawa tu. Shika kalamu.

Mama Vifungo
Mjaribu namba saba